Nyonga za Vitenge

Jumamosi iliyopita binti yangu alipanda kwenye mizani ya duka la dawa pale Braamfontein, akaitazama namba, akashuka amenuna. Ana miaka kumi na minne, umri ambao mtoto hawezi kupita kioo cha gari bila kujitazama. Hakuniambia kama namba ilikuwa kubwa mno au ndogo mno, nami sikuuliza. Tulipokuwa tumesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, tukingoja ya kijani, ndipo akasema, kwa Kiingereza chake cha haraka, kwamba mwili wake haumsikilizi. Nilicheka mpaka muuza ndizi akageuka. Mtoto akaudhika, nikamwomba radhi, lakini mawazo yangu yalikuwa yameshafika Bertrams, kwenye nyumba tuliyochangia ukuta na jirani, mwaka ule ambao mwili wangu nusura unihamishe nchi.

Nikueleze kwanza kwetu, usije ukapotea. Baba alikuwa mwenyeji wa hapa, mzaliwa wa Soweto, mmoja wa vijana waliokimbilia Tanzania enzi za ubaguzi. Alikaa Morogoro miaka mingi, akaoa huko, na mambo yalipobadilika akarudi kwao na mke wa Kiluguru, masanduku mawili na mimi, ningali sijaanza shule. Tulipanga Bertrams, karibu na uwanja wa Ellis Park kiasi kwamba siku ya mechi kelele za mashabiki zilitufikia kabla ya redio kutangaza bao. Mama alipata kazi ya jikoni kwenye bweni la wanafunzi wa chuo huko Braamfontein. Kutwa alilisha watoto wa watu, jioni akarudi ananuka vitunguu, akaanza kunilisha mimi. Na kulisha huko hakukuwa mchezo.

Asubuhi ilikuwa uji mzito wa mtama uliochanganywa na karanga za kusaga, na juu yake kijiko cha siagi kilichoachwa kiyeyuke chenyewe. Kwenye geti la shule kulikuwa na mama aliyeuza amagwinya, maandazi ya hapa, makubwa kama ngumi na yenye mafuta ya kutosha kulainisha hata daftari. Wakati wa kurudi nilipita spaza, kile kiduka cha dirishani cha kona, nikanunua kota: robo ya mkate iliyotobolewa katikati ikajazwa chipsi, soseji na achari ya maembe inayowasha mpaka masikioni. Jioni ugali, maharage, na mchicha ambao hapa wanauita morogo. Jumapili tulikwenda Soweto kwa Gogo, mama yake Baba, tukala utumbo wa ng'ombe na maboga. Nilikula vyote, na sahani nikailamba.

Lakini nyama hazikuja. Nilirefuka tu. Mifupa ya mabega ilichomoza, magoti yakawa makubwa kuliko mapaja, soksi za shule zikawa haziwezi kukaa juu bila kufungwa na mpira. Binti wa shangazi yangu, aliyezaliwa mwaka mmoja na mimi, alikula sufuria ileile ya Gogo, naye akajaa vizuri mbele na nyuma, akitembea sketi inacheza yenyewe. Gogo alituweka sako kwa bako, akatutazama, akatikisa kichwa. "Hawu! Huyu anakula anaweka. Huyu mwingine anakula anapeleka wapi?" Baba alisema nina mnyoo mwenye familia kubwa. Mwalimu wa netiboli peke yake ndiye aliyenipenda nilivyo, maana nilifika golini bila kuruka.

Mimi mwenyewe sikuona taabu. Aliyeona taabu alikuwa Mama, na taabu yake ilikuwa picha.

Kila Desemba ilikuwa lazima picha iende Morogoro kwa Bibi, mama yake Mama. Ilikuwa zaidi ya salamu. Watu wa kule waliita huku Bondeni, wakaamini kwamba Bondeni mtu anaokota nyama barabarani. Mtoto akionekana mwembamba, yatasemwa mawili: ama mama yake ameshindwa maisha, ama mtoto ana ule ugonjwa ambao wakati ule watu waliutaja kwa kunong'ona. Mama hakuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Basi kabla ya kwenda studio alinisimamisha chumbani, akanifunga kitenge kiunoni, juu yake kingine, juu yake tena kingine, vyote vikiwa vimekunjwa pembeni ili nyonga zitokeze, kisha gauni la sikukuu likashushwa juu ya mzigo wote huo. Sweta mbili zilitangulia kuvaliwa kwa ajili ya mikono. Desemba ya huku ni kiangazi, jua linaunguza bati, na mimi natembea Hillbrow kama godoro lililopata miguu.

Studio ilikuwa chini ya ghorofa refu, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mpiga picha alikuwa baba mmoja wa Bukavu, mpole, mwenye kitana mfukoni kwa ajili ya wateja. Nyuma ya pazia alikuwa na kikapu cha makoti, tai, miwani na saa kubwa isiyotembea. Walinzi wa usiku walitoka humo wakiwa mameneja. Hakumcheka mtu. Aliponiona nimefungwa vile alimsaidia Mama kunyoosha upande uliokuwa umeporomoka, akaniambia nijaze hewa kidogo mashavuni, akapiga. Picha ilipotoka nilikuwa mwanamke wa makamo mwenye kichwa cha mtoto. Mama aliitazama akashusha pumzi. Akampa msafiri mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani kwa basi, na sisi tukasahau.

Sasa hapa ndipo Mama alipokosea, kosa ambalo Mluguru hakupaswa kulikosea. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Binti akivunja ungo, wa kwanza kuambiwa ni bibi yake mzaa mama, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kazi ya kumfunda, kumweka ndani, kumlisha, na kumtoa akiwa mwali aliyenona na anayejua la kufanya. Mama alikuwa anawaza mashavu na kushiba. Bibi alipopokea picha alitazama nyonga. Na nyonga zile zilimwambia kwamba mjukuu wake ameshakuwa mkubwa, tena zamani, na hakuna aliyemwita.

Simu ilipigwa kwa jirani yetu mwenye simu ya mezani, mimi ndiye niliyetumwa kumwita Mama. Nilisimama mlangoni nikasikia sauti ya Bibi ikitoka kwenye kile chombo bila kuhitaji kukisogeza sikioni. Hakutaka maelezo. Alisema kama ameshakufa machoni pa mwanawe, basi aambiwe azikwe, na kama bado yu hai, anakuja. Mama alirudi nyumbani akacheka kicheko kifupi, akasema mwanamke wa umri ule hawezi kupanda basi la kuvuka mipaka mitatu. Baba, aliyemjua mama mkwe wake, hakucheka. "Eish," alisema, "anza kutandika kitanda."

Alifika karibu na Pasaka. Tulimpokea Park Station, ameshuka na gunia la mchele, nazi kavu, dagaa wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti, na miguu iliyovimba kwa kukaa. Nilimwamkia shikamoo. Akaniitikia marahaba bila kunitazama, macho yake yakipita juu ya bega langu, yakitafuta nyuma yangu, kulia, kushoto.

"Mjukuu wangu mmemwacha nyumbani?" akauliza.

"Mama, ndiye huyo," Mama akasema.

Bibi akanishika mkono, akaupandisha mpaka begani kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua muwa, na vidole vyake vikakutana kila mahali. Alikaa chini juu ya gunia lake la mchele, katikati ya watu wote wale wa Park Station, akajifunika uso kwa ukaya wa khanga, akalia.

Ilinichukua miaka kuelewa kilio kile. Nilikuwa na mjomba mmoja, kaka yake Mama, ambaye Bibi alimuuguza mwenyewe na kumzika. Alikuwa mtu mnene wa kuchekesha, na alikonda kama ng'onda mbele ya macho yake, mpaka shati likawa linavaliwa na mifupa. Jamaa walificha jina la maradhi. Kwa hiyo Bibi alipokuwa akinitazama mimi, alikuwa anamtazama yeye. Alikuwa na picha mkononi: Desemba mtoto kajaa. Sasa mtoto huyo huyo ni fito.

"Nyama za mtu hazipotei hivihivi," alimwambia Mama jikoni, mimi nikiwa nachambua mchicha hatua chache tu kutoka hapo. "Zinaliwa na kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeshaumbuliwa mara moja, mwanangu, sitaki tena."

Mama alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Akaendelea kuisugua.

Wakanipeleka kliniki. Nesi alikuwa mama wa Kizulu mwenye sauti ya kuamrisha, akanipima uzito na urefu, akatazama kope, kucha na ulimi, akatoa damu, akaniuliza ninakula nini. Nilipofika kwenye kota akanyanyua mkono nisiendelee. Majibu yaliporudi yalikuwa safi, yote. Baba akatafsiri alichosema nesi: mtoto huyu hana kitu, ni umri. Mifupa imetangulia, nyama itafuata, na kila mwili una zamu yake. Apunguziwe mafuta ya barabarani, aongezewe maziwa, mayai na maharage, kisha aachwe.

Nilidhani tumepona. Lakini Bibi alimsikiliza Baba mpaka mwisho, akatoa picha kwenye kifundo cha khanga, akaiweka mezani. "Mwambie na hii aisome," alisema. "Kama ni mifupa imetangulia, hizi nyonga zilitangulia nini?" Nesi aliigeuza picha mara mbili, akairudisha; hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya vitenge. Damu safi haikumtuliza Bibi hata kidogo. Kama si maradhi ya hospitali, basi ni maradhi ya watu, na dawa yake ilikuwa moja. Mimi nitaondoka naye. Nitawekwa ndani Morogoro, nile mbele ya macho yake, mpaka nirudi kuwa yule wa kwenye picha.

Baba hakuwa na la kufanya. Ukoo ni wa mama, na yeye mwenyewe alilelewa na watu wale alipokuwa hana kwao. Alitoka nje akasimama ukutani, akavuta sigara ambayo alikuwa ameshaiacha.

Nami? Niliogopa, rafiki yangu, niliogopa kupita kiasi. Kiswahili changu kilikuwa cha kusikia zaidi kuliko cha kusema. Shule yangu ilikuwa huku, timu yangu ya netiboli huku, na Mama yangu alikuwa huku. Ukweli nilikuwa nao mdomoni, lakini ungesemwaje? Mtoto hamvui nguo mama yake mbele ya bibi yake. Basi nikaamua kunenepa. Nilikula ugali wa Bibi na maharage yake ya nazi mpaka nikahema, nikaongeza wali, nikaongeza yai. Bibi akaninywesha maziwa ya moto akiwa ameshika kikombe mwenyewe. Kila asubuhi nilijishika nyonga kitandani. Nilichopata ni tumbo kuuma na kurefuka zaidi, sketi ya shule ikapanda juu ya magoti, na Bibi akayaona hayo kama ushahidi mwingine. Nilimchukia kidogo, na nilimpenda sana, kwa sababu usiku alinikanda mgongo kwa mafuta ya nazi akiniita mke mwenzangu, akinisimulia vituko vya ujana wake.

Tiketi za basi zikakatwa. Siku chache kabla ya safari Bibi akasema anataka picha ya wote, ya kuweka ukutani. Studio zilikuwa tele, hata Bertrams ilikuwepo moja karibu na kanisa. Mama akatuvusha mjini mpaka Hillbrow, kwa yule yule baba wa Bukavu. Mpaka leo sijui kama alisahau au alikusudia. Nilimuuliza miaka baadaye, akaniambia nisimchoshe.

Mpiga picha akatupokea kwa furaha. Akamkalisha Bibi kwenye kiti chenye mikono, akamsimamisha Baba nyuma, kisha akanitazama mimi, akakunja uso kwa huruma, akamgeukia Mama.

"Mama, leo hatumufunge mutoto vitenge?" akauliza. "Bila ile ataonekana mukondo. Kule kwenu watasema munamunyima kula."

Nje gari liliita abiria wa Yeoville. Baba akawa anakitazama kiatu chake. Bibi aligeuza shingo taratibu, akamtazama mpiga picha, akanitazama mimi, mwisho akamtazama mwanawe.

Mama akapiga magoti. Sikupata kumwona akipiga magoti tena isipokuwa kanisani. Akasema yote: vitenge, sweta, hewa ya mashavuni, na jinsi alivyokuwa akiona haya kwamba anapika kutwa kwa watoto wa watu na wa kwake anatoka mwembamba. Alisema mtoto hajawahi kunona hata siku moja, na wala hajavunja ungo. Alilia akisema, kamasi na yote.

"Kwa hiyo hakukonda," Bibi akasema.

"Hakukonda, mama. Ndivyo alivyo."

"Hakuna kitu kinachomla."

"Hakuna."

Mabega ya Bibi yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe kicheko kilikuwa kinatafuta njia. Alicheka akapiga paja, akacheka mpaka machozi yakatoka na kitambaa kikamdondoka kichwani. "Miezi yote hii silali!" alisema. "Nimehangaika mpaka kliniki, nimevuka mipaka mguu umekuwa mnazi, kumbe nalilia vitenge!" Akaninyakua, akanipakata pale pale kwenye kiti, jitu zima la miguu mirefu, akanibusu utosini. Nilihisi mwili wake wote ukilegea, nami wangu ukalegea, na hapo ndipo nilipojua kwamba sitaondoka. Sijapata kushusha pumzi kama ile tena, hata siku ya kujifungua.

Mpiga picha, maskini, aliomba radhi kwa kila mtu, hata kwa pazia. Akainua kamera. Bibi akanyanyua mkono.

"Ngoja kwanza," alisema. Alijishika shavu, akajishika mkono. "Mimi nimetoka nyumbani nimejaa, hilo basi lenu limenikausha. Nikionekana hivi, wale wanawake wa kwetu watasema mwanangu nilimfuata mpaka Bondeni hakunipa hata mchuzi." Akamtazama Mama. "Una vitenge?"

Mama alikuwa navyo kwenye mkoba. Nakwambia alikuwa navyo! Wakaingia nyuma ya pazia mama na mwanawe, tukasikia wanavyosukumana na kucheka humo, Bibi akisema usinibanie, ongeza nyuma, nyuma ndiko watakakotazama. Alipotoka alikuwa mpana kuliko kiti. Katika picha ile mimi peke yangu nilisimama na mwili wangu mwenyewe.

Aliondoka peke yake, tiketi yangu ikarudishwa. Pale Park Station alimpa Mama sharti moja: siku ikifika, aambiwe yeye kwanza, tena kwa sauti, si kwa picha. Siku ilifika mwaka uliofuata, Jumapili mchana, bila kupiga hodi, nikiwa bado fito. Nyonga zilikuja baada ya hapo, polepole, wakati nilipokuwa nimeshaacha kuzingoja, na hazikuuliza kama nimekula kota au mchicha. Siku ile Mama alikimbia kwa jirani bila viatu. Nilimfuata. Kwenye simu vigelegele vya Bibi vilivunja mawimbi, vikajaa sebule ya jirani, mpaka mwenye nyumba akatoka jikoni na mwiko kuuliza ni harusi ya nani. Kisha Bibi akataka niongee naye.

"Unakula, mke mwenzangu?"

"Nakula, Bibi."

"Basi. Zilizobaki zitakuja zenyewe."

Bibi ameshazikwa, karibu na mjomba. Gogo naye hayupo. Nyumba ya Bertrams imegawanywa vyumba, na pale palipokuwa na studio wanauza nywele za bandia. Simu za siku hizi zinapunguza nyonga kwenye picha badala ya kuongeza, na zinafanya hivyo bila jasho, bila mtu kukunyooshea upande ulioporomoka. Mama ninaye, na akija kwangu hufunua sufuria zangu kabla ya kuvua koti. Nimekula kwenye hoteli nzuri, nimenenepa, nimepungua, nimenenepa tena. Hayupo tena wa kuvuka mipaka mitatu kwa basi, miguu imevimba, kuja kuuliza nyama zangu zimekwenda wapi.